Majibu ya Januari Mwingine

Nyankumbu, Geita
Jumapili, mwezi wa nane

Dada yangu Agatha,

Shikamoo sana. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na shemeji Agapiti pamoja na watoto wote, akiwemo Anisia, ambaye nasikia sasa ananizidi kimo na bado hajaacha kunijibu kwenye simu yako kwamba mama amelala. Je, mihogo ya bondeni mmeshaing'oa? Na goti la shemeji linaendeleaje? Mwambie aache kupanda mapaa ya watu kwa umri ule. Mafundi hawajaisha Bukombe nzima.

Mimi huku ni mzima wa afya. Naomba uusome mstari huo mara mbili, dada, maana sikuuandika kwa mazoea kama tulivyofundishwa shuleni. Ni mzima kweli, na hilo ndilo lililonikalisha mezani leo baada ya misa. Ningeweza kukupigia, lakini hata ungepokea, ningeuliza habari za mvua kisha ningekata. Barua hii nampa mama mmoja wa jumuiya yetu anayekuja Ushirombo kwenye kipaimara cha mpwa wake.

Najua bado una hasira na mimi, na una haki. Wewe ndiye uliyekwenda na Baba Mdogo kwa kina Sesilia kupeleka barua ya posa, ukala kuku wao, mama yake akakuvisha khanga mpya. Halafu haikupita hata miezi mingi ukalazimika kurudi pale pale kuwaambia kwamba mdogo wako amepata mwanamke mwingine Geita. Uliniambia kwamba siku ile ulitamani ardhi ipasuke ikumeze. Tangu hapo tunasalimiana kwenye misiba tu, kama watu waliowahi kupanga nyumba moja zamani. Leo nakuomba unisikilize mpaka mwisho, hata kama chai itapoa.

Maisha yangu hapa hayana mengi ya kusimulia. Geita ni mji wa watu waliokuja. Kuna Wakurya, Wahaya, Waha, Wasukuma wa Shinyanga na sisi Wasumbwa, Waislamu kwa Wakristo, kila mmoja amekuja na begi lake na siri yake. Siku za kazi zinapita. Jumapili ndiyo ndefu. Nafua nguo ambazo hazijachafuka, nazianika, nazikunja, kisha nawasikiliza majirani wa chumba cha pili wakigombana, na nikuambie ukweli, wakipatana ndipo naumia zaidi. Mama mwenye nyumba hunihurumia siku za sikukuu kwa sahani ya pilau, na kila akileta huniuliza mke wangu atakuja lini. Nilishamwambia yuko masomoni. Amesoma sana huyo mke, dada, sasa angekuwa profesa.

Kazi yangu unaijua kwa juu juu, kwamba natunza kompyuta za kituo cha afya. Ngoja nikueleze vizuri, maana bila hiyo hutanielewa. Kituo chetu kinawapima watu wa machimboni kama wana zebaki mwilini. Mchimbaji mdogo akishasaga mawe yake kwenye karasha, anayaosha mwaloni, yaani pale penye maji ya kuoshea, anatia zebaki ili ikamate dhahabu, kisha anaichoma kwenye kikaango mpaka zebaki iondoke na dhahabu ibaki. Hiyo iliyoondoka inaingia puani mwa aliyeinama juu ya moto, na mwa mkewe anayepika uji hatua chache kando, na mwa mtoto aliye mgongoni. Inakaa mwilini taratibu. Mikono inaanza kutetemeka, mtu anasahau sahau, figo zinachoka, na mama mjamzito inamfuata mpaka tumboni. Kwetu mtu anatoa mkojo kwenye kichupa, mashine ya maabara inasoma kiwango, na baada ya siku chache anapewa barua ya majibu. Aliyezidi anaambiwa aache kabisa kuchoma na anapelekwa hospitali. Aliye salama anarudi kwenye shughuli zake.

Kabla yangu alikuwepo kijana anaitwa Mwigulu, sasa yuko Dodoma. Yeye ndiye aliyeandika skripti ya kutoa barua hizo. Skripti ni orodha ya amri unayoiachia kompyuta izifuate yenyewe, kama unavyomwachia Anisia maagizo ya nyumba unapokwenda shamba. Hii ilikuwa inachukua kiwango kutoka kwenye mashine, inakiandika kwenye faili la muda, kisha inachapa barua kutoka kwenye faili hilo. Faili la muda ni kama sahani ya msibani. Si ya mtu yeyote, inashika chakula kwa kitambo, aliyekula akimaliza inaoshwa.

Sasa Mwigulu aliipa kila sahani jina la kwanza la mgonjwa. Akija Maduhu, faili linaitwa Maduhu. Usimcheke. Anayefika mara ya kwanza machimboni hudhani jina linatosha, kwa sababu ndilo pekee analopewa. Huku mtu ana jina moja. Ukimwuliza la baba anakutazama kama umekuja kumkamata. Mwingine ameacha mke Kahama, mwingine hataki ndugu zake wajue alipo, basi fomu zetu zote zikajaa jina moja moja. Na majina yenyewe unayajua. Kila nyumba yenye mapacha ina Kulwa na Doto, anayewafuata ni Shija, na sisi Wakatoliki tukifungua kalenda tunazaa Januari na Paskalia kila mwaka.

Kosa la pili lilikuwa baya kuliko hilo. Skripti ile haikuosha sahani. Ikishachapa barua, faili liliachwa pale pale. Na sehemu ya kuchapa haikuwa inasubiri majibu mapya yaandikwe, ilikuwa inaangalia tu kama faili lenye jina lile lipo. Jina likiwa geni, faili halikuwepo, basi ilingoja mpaka liandikwe, ikachapa, na barua ikawa sahihi. Lakini jina likiwa limeshapita, ilikuta faili la aliyetangulia, ikachapa hilo mara moja, na majibu mapya yakaandikwa juu yake baadaye, yakabaki hapo yakimngoja mwenye jina hilo atakayefuata. Kila mtu akapewa chakula cha aliyemtangulia. Kompyuta ikizimwa mafaili hayo hufutika, lakini ile yetu ilikuwa na betri kubwa na jenereta, na Mwigulu alijivunia kwamba haikuwahi kuzimwa.

Nilirithi kitu hicho kikiwa kinafanya kazi, na kitu kinachofanya kazi hakuna anayekifungua.

Aliyetufungua macho ni mama mmoja muuza maandazi pale stendi, anaitwa Suzana. Alikuja kupima kwa kuwa vipimo vilikuwa bure, akapewa barua inayosema zebaki imemjaa. Kesho yake alirudi nayo mapema, akaiweka juu ya meza ya Dokta Violeth, daktari wetu wa sasa, na kusema hiyo siyo yake. Alisema yeye anashika unga na mafuta, zebaki ameisikia redioni tu. Alielezwa kwa upole kwamba mashine haidanganyi. Akasema basi mashine hiyo haimjui, akavuta kiti, akakaa, akatangaza kwamba hatoki mpaka apimwe tena mbele ya macho yake. Wagonjwa wakaanza kucheka, wengine kumuunga mkono. Dokta akampima ili kumtuliza tu. Majibu yakaja safi kabisa. Ndipo Dokta akaniita.

Niliiweka ile skripti mbele yangu nikaisoma mstari kwa mstari. Nilipoona jina la mgonjwa limetumika kuwa jina la faili, niliacha kusoma nikaamua kuijaribu. Nikatunga wagonjwa wawili wa uongo, wote Paskalia, mmoja nikampa kiwango kikubwa na wa pili kidogo. Barua ya Paskalia wa pili ikatoka na kiwango cha wa kwanza.

Kuitengeneza kulinichukua siku kadhaa, na nikuambie, zilikuwa siku nzuri. Ipo amri inaitwa mktemp. Unaiomba faili, nayo inabuni jina lisiloweza kukisiwa, inalitengeneza faili papo hapo, na kulifunga ili asiyehusika asisome majibu ya watu. Kuangalia kama jina lipo na kulichukua ni tendo moja. Ukiyatenganisha, mwingine anapenya katikati. Lakini kompyuta zetu ni za misaada, kila moja imetoka kwao na tabia zake. Ya zamani ya maabara inaielewa mktemp kwa namna yake, ile tunayobeba kwenda mialoni inaielewa kwa namna nyingine, na iko moja haiijui kabisa. Hiyo niliiandikia njia inayofanya kazi kila mahali. Inatengeneza folda yake kwa amri ya mkdir, ambayo ikikuta folda ya jina hilo ipo inakataa waziwazi, haijifanyi haijaona. Ikikataa, skripti inajaribu jina jingine, na ikishindwa inasimama na kupiga kelele badala ya kuchapa uongo. Mwisho nikaweka trap, yaani mtego. Skripti ikimaliza, au ikikatizwa njiani, lazima kwanza ifute ilichokiacha. Umeme ukikatika ghafla mtego haunasi, lakini hata sahani ikibaki chafu, hakuna atakayeletewa tena.

Nilipoijaribu kwenye kompyuta zote na zote zikakubali, niligeuka nimwonyeshe mtu. Mle ndani kulikuwa na feni na mimi.

Mashine ya maabara, tunashukuru, inatunza viwango kwa namba ya kichupa, kwa hiyo tuliweza kujua nani alipewa barua ya nani. Hawakuwa wengi sana, lakini kila mmoja alikuwa mtu. Dokta Violeth akasema barua hizi hazirekebishwi kwa simu wala kwa ujumbe. Kila mmoja atafuatwa alipo, aambiwe ana kwa ana, aombwe radhi, na arudi kupima. Tukagawana. Kati yao kulikuwa na Januari mmoja, mchomaji wa dhahabu upande wa Rwamgasa. Barua yetu ilimwambia ni salama. Kiwango chake halisi kilikuwa cha kutisha, na miaka minne ilikuwa imepita. Kila siku niliyochelewa ilikuwa siku moja zaidi ya yeye kuinama juu ya kikaango akiiamini karatasi yetu. Huyo nilimwomba Dokta anipe mimi. Akacheka, akasema sawa, nenda kamtafute wajina wako.

Kumtafuta Januari machimboni ni kama kutafuta punje ya mchele kwenye gunia la mchele. Nililetewa Januari mwembamba, Januari mwenye duka, na Januari mmoja aliyekimbia aliponiona na begi la kompyuta. Nilirudi mara ya pili, na ya tatu. Mwaloni nikawakuta kina mama wakiosha. Mmoja wa makamo akanisalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, nikaitikia vibaya, wakacheka wote, na kicheko kile kikanisaidia. Nilipomweleza ninayemtaka akasema kumbe namtafuta Jenereta, ningesema hivyo tangu mwanzo.

Walimwita Jenereta kwa sababu ya mikono yake. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na mikono imetulia kwa sababu ameikalia. Alipoitoa kunipa mkono nikaelewa jina. Ilikuwa inatetemeka mpaka mabegani. Kuchoma alikuwa bado anachoma, ila kikaango alikifunga kwa waya kwenye nondo ili kisimwagike, na chai aliinywa kwa mrija kama mtoto. Si mzee, dada. Tunalingana, labda amenizidi kidogo.

Alinisimulia mwenyewe kabla sijamweleza kilichonileta. Alisema mikono ilipoanza alikwenda kupima, akaambiwa hana zebaki, akafurahi. Lakini mikono ikazidi. Kwa kuwa karatasi ilisema si zebaki, watu wakatafuta sababu nyingine. Wengine wakasema gongo, wengine wakasema amekanyaga uchawi wa mwenzake wa duara, yaani wa shimo walilochimba pamoja. Mkewe, Mageni, alimwambia achague kati yake na chupa. Akaapa kwamba hajawahi kunywa hata siku moja, na ni kweli, ni Msabato. Mageni akaitazama ile mikono, akaitazama karatasi ya kituo, akachukua watoto akarudi kwa mama yake upande wa Kolandoto. Alinieleza haya yote bila kunilaumu, kwa sababu hakujua bado kama nastahili kulaumiwa.

Nikamwambia. Nilimweleza habari za faili na jina, kama nilivyokueleza wewe, sahani na yote. Kisha aliniomba nimsomee barua sahihi kwa sauti, na nilipomaliza akaniomba nisome tena, lakini safari hii nisimame na nielekee kule walikokuwa kina mama. Nikasimama, nikasoma. Wale waliokuwa wanacheka wakaacha kuosha. Yule mama wa makamo akaweka karai chini, akaja akamshika bega, akamwita kwa jina lake, Januari, na kumwambia pole. Alilia pale, mtu mzima, na machozi hakuweza kuyafuta mwenyewe maana mikono ilikuwa inamponyoka usoni. Baadaye akaniomba nakala mbili, moja yake na moja ya mama mkwe wake. Wiki iliyofuata alianza matibabu. Dokta ameniambia mikono inaweza kutulia kiasi akikaa mbali na moshi, ila haitarudi kama zamani. Mageni amekuja kumwona. Hajarudi, lakini amekuja.

Siku ile ile, kabla sijaondoka, aliniuliza swali ambalo nilikuwa nalikimbia tangu niondoke Geita. Alisema ameelewa kwamba yeye alipewa barua ya Januari aliyemtangulia, dereva wa bodaboda mwenye afya yake. Sasa ya kwake, ile mbaya, alipewa nani?

Dada, alipewa Januari aliyemfuata. Ni mimi.

Nilipoajiriwa tulipimwa wafanyakazi wote wapya. Barua ikasema zebaki imenijaa, na sikushangaa hata kidogo. Unakumbuka nilivyokuwa nakuja likizo za chuo na ada yangu mkononi, nawaambia nimefanya vibarua vya ujenzi? Nilikuwa nachomea watu dhahabu, dada, naificha kwa kuwa mama asingekubali. Kwa hiyo karatasi ilipokuja niliona ni haki yangu imenifikia. Daktari wa wakati ule, ambaye ameshahama, alinieleza yanayoweza kutokea, akaniambia nisiwe na haraka ya kuzaa, nirudi kupima baada ya nusu mwaka. Sikurudi. Niliogopa. Nilikuwa nalala nimeinyoosha mikono juu ya shuka naitazama kama imeanza. Nilimwona Sesilia akinilisha kwa kijiko, nikamwona na mtoto asiyeweza kukaa. Wewe unamjua Sesilia. Ningemwambia ukweli angesema tutavumilia pamoja, na angekuja, na asingeondoka. Kwa hiyo nilitafuta uongo wa kumfanya aondoke.

Huyo mwanamke mwingine wa Geita hakuwahi kuwepo. Hata jina sikumpa. Mliponiuliza ni nani nilikata simu kwa sababu sikuwa nimefika huko kwenye uongo wangu.

Suzana wa maandazi alifanya kitu ambacho mimi, mwenye cheti cha kompyuta, sikukifanya. Alibisha. Mimi nilipewa majibu ya mtu mwingine nikayachukua, nikayaishi miaka minne. Nilipotoka Rwamgasa nilimwomba Dokta Violeth anipime. Sina kitu. Nikatafuta kwenye mashine na kiwango cha kichupa changu cha wakati ule, nacho kilikuwa safi, moshi wa likizo ulikuwa umeshaniishia mwilini zamani. Nilitoka maabara na karatasi hiyo mkononi nikasimama kwenye korido natafuta wa kumwambia. Nilikuwa nimewafukuza wote. Ule ugonjwa ndio ulikuwa mwenzangu, nao umeondoka. Nililia chooni, dada, kwa furaha kidogo na kwa uchungu mwingi.

Sasa nifike kwenye ombi. Nafahamu Sesilia ameolewa na Mwalimu Otmar, wako Runzewe, na wana mtoto wa kike. Nawaombea mema, nasema hili bila unafiki, na sitaki kurudisha chochote. Lakini siku ile nilipompigia kumwambia nimempata mwingine, aliniuliza swali moja tu, kwamba amekosa nini. Nikamjibu hajakosa, nimebadilika tu. Wewe mwenyewe uliniambia msibani kwa shangazi kwamba watu walimsema miaka miwili, kwamba haiwezekani mwanamume akimbie posa iliyokwisha kupokelewa bila kuona kasoro. Na yeye alikuwa anajitafuta kasoro hiyo. Tumezunguka machimbo yote kumpa kila mtu majibu yake, na bado kuna mtu mmoja mwenye majibu yasiyo yake, na hayo hayakutoka kwenye mashine. Niliyaandika mimi.

Nimeomba ruhusa kazini, nitakuja Jumamosi ya wiki mbili zijazo. Naomba unisindikize Runzewe, maana siwezi kwenda peke yangu kwa mke wa mtu. Tuonane kwanza na Otmar, nimweleze yeye kila kitu. Akikubali, nimwambie Sesilia mbele yake kwamba hakuwa na kosa lolote. Otmar akikataa, tutaondoka, na wewe utaangalia kwa hekima yako namna ya kumfikishia siku nyingine, mwanamke kwa mwanamke. Nikifika nikaulizwa kwa nini sikumwachia achague mwenyewe, nitasema kwamba niliogopa angechagua kubaki.

Nisalimie shemeji kwa heshima nyingi, na Baba Mdogo, na umwombe radhi kwa niaba yangu mpaka nije nimwombe mwenyewe. Watoto wote wabusu. Ukipita kaburini kwa mama, palilia na upande wangu.

Sijalala kwenu siku nyingi, dada. Nikija nitandikie mahali, hata kama utakuwa bado hujanisamehe.

Mdogo wako,
Januari